Kasi ya Maabara na Kasi ya Kazi: Mifumo Endeshi ya Kompyuta katika Bonde la Ufa la Kati

Swali la mfumo endeshi upi wa kompyuta ni mwepesi kuliko mwingine limeulizwa tangu kompyuta zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, na kwa muda mrefu limejibiwa na watu wenye maabara, vyombo vya kupimia na mashine mpya. Katika Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na katika miji inayouzunguka kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Nyahururu, swali hilo lilipata uzito wa aina nyingine tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Wanunuzi wengi wa eneo hili hutumia laptopu ambazo wauzaji huziita "ex-UK", yaani mashine zilizotumika kwa miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, zikaondolewa huko wakati wa kubadilisha vifaa, kisha zikaletwa Kenya zikiwa bado na nguvu ya kufanya kazi. Mojawapo ya zile zinazojulikana sana ni HP EliteBook 840 G3, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, ilhali orodha rasmi ya Windows 11, isipokuwa kwa mashine chache, huanzia kizazi cha nane. Mwenye laptopu hiyo amejikuta njia panda: aendelee na Windows 10 na kujipatia nyongeza ya muda inayokoma Oktoba 2026, aipachike Windows 11 kwa mlango wa nyuma, au ahamie kwenye mfumo wa jamii ya Linux kama vile Ubuntu au Linux Mint. Kila anayesimama hapo huuliza kwanza ni upi utakaokwenda mbio zaidi.

Mhadhara huu unashikilia kwamba vipimo vya maabara, vikifanywa kwa uaminifu, husema kweli, ila kweli yenyewe inahusu sehemu ndogo sana ya muda ambao mtu wa Nakuru hupoteza mbele ya kompyuta yake. Muda mwingi humezwa na diski ya zamani, kumbukumbu finyu, vumbi, umeme unaokatika, bando linaloisha na fomu isiyokubali kufunguka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana katika majedwali ya ulinganisho.

Ni vyema kuyaweka maneno sawa kabla ya kuendelea. Vitabu vya shule nchini Kenya huiita kompyuta tarakilishi na laptopu huiita kipakatalishi, na majina hayo yana uzuri wake, lakini fundi wa Barabara ya Moi jijini Nakuru hajawahi kuletewa kipakatalishi. Huletewa laptopu, na hapa litatumika neno lake. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote, ikigawa muda wa prosesa, ikigawa nafasi katika kumbukumbu ya muda iitwayo RAM, ikisimamia uandishi na usomaji wa faili, na ikizungumza na printa, skana na mtandao kwa niaba ya programu hizo. Sehemu yake ya ndani kabisa, inayofanya ugawaji wenyewe, huitwa kiini. Kazi ya kiini inafanana sana na ya msimamizi wa steji ya matatu: yeye haendeshi gari lolote, lakini ndiye anayeamua lipi lipakie, lipi lingoje na lipi litoke, na kituo kizima hukwama au huchangamka kutegemea akili yake.

Mfano huo wa steji unafafanua jambo ambalo wengi hulikosea. Matatu ikishatoka Nakuru kuelekea Nairobi, safari ya takriban kilomita 160, mwendo wake hutegemea injini na barabara, wala msimamizi aliyeachwa nyuma hana mkono tena katika kasi hiyo. Kwa matatu za mitaa ya Nakuru kama Shabab, Section 58 na Free Area, ambazo hurudi stejini mara nyingi kwa siku, kila dakika ya msimamizi huhesabika. Vivyo hivyo, kazi ya kompyuta iliyo ndefu na inayotumia prosesa pekee, kama kukokotoa picha ya pande tatu au kubana faili moja kubwa, huchukua muda unaokaribiana katika Windows na katika Linux iwapo mashine ni moja, kwa sababu programu ikishapewa prosesa haina haja ya kuomba ruhusa kila mara. Kazi inayofungua na kufunga maelfu ya faili ndogo ndogo ndiyo hurudi stejini kila kukicha, na hapo tofauti huwa kubwa.

Kipimo linganishi ni kazi maalumu ambayo kompyuta hupewa ili ifanywe kwa namna ileile, mara kadhaa, na muda wake uandikwe, ili mashine au mifumo miwili iweze kuwekwa kwenye mizani moja. Utaratibu huu una umri mkubwa. Mwaka 1972 wataalamu wa Uingereza walitunga kipimo cha hesabu za desimali kilichoitwa Whetstone, jina la kijiji ambalo kwa bahati nzuri lina maana ya kinoo, jiwe la kunolea visu. Mwaka 1984 Reinhold Weicker akatunga kingine cha hesabu za nambari kamili na kukiita kwa mzaha Dhrystone. Mwaka 1988 kampuni za kompyuta ziliunda shirika la SPEC ili kuwe na vipimo vinavyokubaliwa na wote, kwa kuwa kila muuzaji alikuwa ameanza kuchagua kipimo kilichompendeza. Kwa upande wa mifumo ya jamii ya Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mchango mkubwa umetoka kwa Michael Larabel, Mmarekani aliyeanzisha jarida la mtandaoni la Phoronix mwaka 2004 na kutoa mwaka 2008 mkusanyo wa vipimo ambao mtu yeyote anaweza kuupakua bila malipo na kuuendesha kwenye mashine yake. Mkusanyo huo hurudia kila jaribio, hukokotoa wastani na huonyesha matokeo yalitofautiana kwa kiasi gani kutoka jaribio moja hadi jingine. Hilo la mwisho ndilo linalompambanua mpimaji makini na mwenye kupiga domo: kipimo kilichofanywa mara moja tu ni uvumi wenye nambari.

Vipimo hivyo vimeonyesha nini kwa miaka yote hiyo? Katika kazi za prosesa pekee mifumo hukaribiana mno. Katika kazi za faili ndogo nyingi, kama kufungua kifurushi chenye maelfu ya vipande au kutafsiri msimbo wa programu kubwa, Linux kwa kawaida hutangulia, na sababu zinajulikana: katika Windows kila faili inayofunguliwa hupitia walinzi kadhaa, akiwemo mlinzi wa virusi, kabla ya kuifikia programu iliyoiomba. Katika michezo ya video na programu zilizoundwa kwanza kwa ajili ya Windows, mizani imekuwa ikielemea upande wa pili. Kisa chenye kuelimisha zaidi, hata hivyo, ni cha Clear Linux, mfumo uliotengenezwa na kampuni ya Intel yenyewe na kunolewa kwa ajili ya prosesa zake hata ukawa unaongoza ulinganisho baada ya ulinganisho. Julai 2025 Intel iliusitisha, na waliokuwa wakiutumia wakashauriwa wahamie kwingine. Bingwa wa majedwali ametoweka, na Linux Mint, ambayo haikutungwa kwa ajili ya mbio, ingali kwenye laptopu za watu.

Vipimo pia vina tabia ya kuwafundisha watengenezaji kufaulu mtihani badala ya kujua somo. Wafugaji wa Molo, Njoro na Olenguruone watalielewa hili bila maelezo marefu. Maziwa yakifika kwenye kituo cha kukusanyia hupimwa kwa laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji, na mwenye kutia maji hugunduliwa kwa sababu kijiti huzama kupita alama. Mjanja naye hutia maji kisha hutia sukari au unga ili kijiti kipande tena, na alama husomeka vizuri ingawa maziwa yameharibika. Katika ulimwengu wa kompyuta mambo hayo yametokea hadharani. Mwaka 2003 kampuni ya Nvidia ililaumiwa na watunzi wa kipimo cha 3DMark03 kwa kuweka katika programu yake ya kadi za picha mbinu za kuupandisha alama mtihani huo, na mwaka 2013 wachunguzi walikuta simu ya Samsung Galaxy S4 ikitambua majina ya programu za vipimo na kuziachia prosesa zake ziende kwa mwendo ambao programu za kawaida hazikupewa. Kituo cha maziwa chenye busara hakitegemei laktomita pekee. Hunusa, huonja, na hupima kwa kutumia pombe kali kuona kama maziwa yataganda.

Hata hivyo, pana mahali katika Bonde la Ufa la Kati ambapo kipimo cha maabara kinastahili kusikilizwa kwa makini, nako ni Njoro. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kiko huko, na kiko pia kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ambacho tangu katikati ya muongo wa 2000 kimepima maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu ya shina, hasa aina ya ugonjwa huo iitwayo Ug99 iliyogunduliwa Uganda. Takwimu za mashamba ya majaribio kama hayo huchambuliwa kwa programu za takwimu, mojawapo ikiwa R, inayopatikana bure, na uchambuzi wenye majedwali makubwa ya vinasaba unaweza kuishughulisha prosesa kwa saa nyingi mfululizo. Huo ndio mwendo wa Nakuru hadi Nairobi, na hapo alama za prosesa zina maana.

Lakini hata hapo pana mtego ambao jina la mfumo endeshi huuficha. Hesabu za majedwali katika R hufanywa na maktaba ya ndani iitwayo BLAS, yaani mkusanyo wa kanuni tayari za kuzidisha majedwali. R inayosakinishwa kwenye Windows kwa njia ya kawaida huja na toleo la msingi la maktaba hiyo, lililoandikwa kwa usahihi bila kujali sana kasi. Kwenye Ubuntu ni rahisi kuweka toleo la OpenBLAS, linalotumia sehemu zote za kukokotolea za prosesa kwa pamoja, na muda wa kazi iliyokuwa ikichukua dakika nyingi hupungua mara kadhaa. Mtafiti anayehama Windows kwenda Ubuntu na kuona maajabu hayo atasema Linux ina kasi, ilhali kilichobadilika ni kitabu cha hesabu na wala si msimamizi wa steji. Ulinganisho usiotaja mambo ya aina hii, hata ukiwa na michoro ya rangi, haujalinganisha mifumo endeshi.

Sasa ni zamu ya mtumiaji wa kila siku, ambaye hatafsiri msimbo wala hachambui vinasaba, bali huandika barua, hujaza fomu, hufungua kivinjari na kuchapisha karatasi. Kasi kwake ni muda wa kungoja. Mwaka 1968 Robert Miller wa kampuni ya IBM aliandika kwamba jibu la kompyuta linalokuja ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde huonekana la papo hapo, na kwamba likichelewa kupita sekunde chache mtu hupoteza uzi wa alichokuwa akikifikiria. Mwaka 1982 Walter Doherty na Ahrvind Thadani, wa kampuni hiyohiyo, wakaonyesha kwamba kuushusha muda wa jibu chini ya sekunde moja huongeza kazi inayofanyika kuliko ilivyotarajiwa. Kwa mizani hiyo, ubora wa asilimia tatu katika jambo linalochukua robo sekunde hauwezi kuhisiwa na binadamu yeyote. Kinachohisiwa ni ile subira ya dakika mbili au tatu kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na kuweza kuandika neno la kwanza.

Subira hiyo chanzo chake kikuu ni diski ya sahani, yaani hifadhi inayozungusha sahani chini ya sindano ya kusomea. Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo ni mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na sindano hungoja kwa wastani nusu ya mzunguko kabla ya kufikia inachokitafuta, mbali na muda wa kusogea kutoka mahali pamoja hadi pengine. Ukijumlisha yote, diski hiyo haiwezi kutimiza maombi mengi zaidi ya mia moja kwa sekunde yakiwa yametawanyika. Hifadhi isiyo na sahani, ambayo kila duka la Nakuru huiita SSD, haina kitu cha kuzungusha na hutimiza maelfu mengi ya maombi ya aina hiyo kwa sekunde. Mtu akifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinashughulika kiasi gani, kwenye laptopu yenye diski ya sahani iliyowashwa punde, mara nyingi ataona prosesa ikiwa imetulia kwenye tarakimu ndogo na safu ya diski ikiwa imefika asilimia 100. Ile prosesa iliyosifiwa katika majedwali imekaa bure ikingoja sindano.

Upungufu wa RAM huzidisha balaa hilo. Mashine yenye gigabaiti 4, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, ikifunguliwa kivinjari chenye kurasa kadhaa huishiwa na nafasi, na kiini hulazimika kuhamishia diskini vitu visivyotumika kwa wakati huo na kuvirudisha vinapohitajika. Mifumo mipya hupunguza safari hizo kwa kuvibana vitu hivyo ndani ya RAM yenyewe, na mazingira mepesi ya Linux kama Xfce huanza kwa kuchukua nafasi ndogo, kwa hiyo hapa Linux ina faida ya kweli na ya kuhisiwa. Faida hiyo isikuzwe kupita kiasi: kivinjari cha Chrome au Firefox hula RAM ya kiasi kinachokaribiana popote kilipo, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabarak aliyefungua kurasa 20 ataikwamisha Mint kama alivyoikwamisha Windows, ila atachelewa kidogo kufika hapo.

Kuna jambo la tatu ambalo halitajwi kabisa katika vipimo vya ng'ambo, nalo ni vumbi. Jina lenyewe la Nakuru huelezwa kuwa limetoka katika neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeijua Nakuru ya mwezi wa Februari hahitaji mwanaisimu kumthibitishia. Vumbi la eneo hili la volkano ni laini mno, na upande wa Kariandusi karibu na Gilgil, panapochimbwa unga mweupe wa diatomiti, ni laini zaidi. Huingia kwenye matundu ya laptopu, hushikana na nyuzi za nguo, na kujenga kitu mfano wa kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za selsiasi hujilinda kwa kupunguza mwendo, na hapo laptopu iliyopimwa ikiwa mpya kwenye meza safi huweza kushindwa kuzifikia tena alama zake. Nakuru ipo pia takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni husukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko, ingawa ubaridi wa mji hulipa sehemu ya deni hilo. Fundi aliye na bisibisi, brashi na tyubu ya yale mafuta mazito yanayopakwa juu ya prosesa huongeza kasi kuliko mabadiliko yoyote ya mfumo endeshi.

Umeme nao una hesabu yake. Inashangaza kidogo kwamba mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, na bado kompyuta ya mezani iliyo umbali wa saa moja huzimika bila taarifa. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mifumo yote mikubwa ya leo huweka daftari la mabadiliko ya faili, ili umeme ukirudi iweze kujua kazi ipi ilikuwa haijakamilika, na si haki kusema kwamba mmoja wao hauna kinga. Kilicho wazi ni kwamba kompyuta iliyozimwa katikati ya sasisho kubwa huweza kumchukulia mwenyewe asubuhi nzima kuirudisha, na mwenye kupanga wakati wa masasisho yake hupunguza hatari hiyo. Hapo Windows imezoea kujiamulia zaidi, jambo linaloudhi kwa sababu ya umeme na vilevile kwa sababu ya bando. Maabara ya shule yenye kompyuta 30, kila moja ikijipakulia gigabaiti moja, hula gigabaiti 30 za data kwa kitu kilekile. Windows ina namna ya kompyuta za mtandao mmoja kugawana zilichopakua, na Linux huweza kuwekewa kompyuta moja ya kuhifadhi nakala kwa ajili ya nyingine, lakini zote mbili huhitaji mtu aliyejua kwamba uwezo huo upo na aliyeuwasha.

Mtihani mgumu kuliko yote ni wa saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, mwisho wa mwezi wa Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya mapato za watu binafsi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na kwa miaka mingi mwenye biashara amekuwa akipakua kutoka iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka hiyo, jedwali la Excel lenye makro, yaani maagizo madogo yaliyofichwa ndani ya jedwali, akilijaza ukurasa baada ya ukurasa, kisha akibonyeza kitufe cha kuthibitisha ili jedwali lijikague na kutengeneza faili iliyobanwa ya kupandishwa mtandaoni. Mfikirie mhudumu wa saiba mwenye foleni ya watu wanane: mmoja ana P9, fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi, mkononi, mwingine amesahau nywila, wa tatu ameleta flashi ambayo folda zake zote zimegeuzwa na virusi kuwa njia za mkato. Mhudumu huyo hana haja ya kujua ni mfumo upi uliobana faili kwa sekunde mbili pungufu. Anahitaji kujua kama makro zitakubali kuendeshwa, kama kitufe kitafanya kazi au kitatoa ujumbe wa kosa, kama skana ya zamani ina programu kiendeshi, na kama printa itatambuliwa itakapochomekwa. Kitufe kisipofanya kazi, muda wa kazi hiyo hauna nambari ya kuandikwa kwenye jedwali lolote.

Kwa kipimo hicho Windows, pamoja na uzito wake wote, hushinda katika saiba nyingi, na anayemshawishi mhudumu ahame kwa sababu ya alama za Phoronix anamfanyia ubaya. Virusi vya flashi, kwa upande wao, haviishambulii Linux kwa namna hiyo, na maabara ya shule ambayo wanafunzi huchomeka flashi mia kwa wiki itaokoa siku nzima za fundi kwa kuhama. Kwamba kasi siyo inayoamua kumeonekana pia ng'ambo: mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha takriban kompyuta 15,000, kisha mwaka 2017 madiwani wake wakapiga kura ya kurudi Windows. Mabishano ya miaka hiyo yote yalihusu nyaraka, programu za idara na siasa za jiji, na kasi ya mashine haikuwa kiini chake.

Kompyuta za Apple zinaweza kupitiwa kwa haraka. Mfumo wa macOS huuzwa pamoja na mashine zake, na Novemba 2020 mashine hizo zilianza kutumia prosesa za Apple yenyewe, hivyo anayezilinganisha na laptopu ya Windows analinganisha gari na gari, wala hajui ni kiasi gani cha ushindi kilitoka kwa dereva.

Hukumu inayofaa Nakuru basi hufuata mpangilio tofauti na ule wa majedwali. Kwa EliteBook 840 G3 au mashine ya rika lake, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM ya kufikisha gigabaiti 8, na saa moja ya fundi itumike kusafisha feni. Baada ya hapo ndipo swali la mfumo endeshi lina maana, na jibu lake hutegemea kazi. Shule ya upili inayofundisha uandishi wa nyaraka, majedwali, utafutaji mtandaoni na programu sahili itafanya vyema kuweka Linux Mint au Ubuntu kwenye mashine ambazo Windows 11 imezikataa, kuliko kuziacha na Windows 10 isiyolindwa. Mtafiti wa Njoro ajaribu Ubuntu, akikumbuka kuangalia maktaba zake za hesabu. Saiba na ofisi za wahasibu zibaki na angalau mashine moja inayokubalika rasmi kwa Windows 11, hata kama nyingine zote zitahama. Kuipachika Windows 11 kwa nguvu kwenye prosesa isiyoorodheshwa ni njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa Microsoft haitoi ahadi ya kuendelea kuipa mashine hiyo masasisho.

Kilichobaki ni kipimo cha kienyeji, na hakihitaji maabara. Walimu wa somo la kompyuta wa kaunti za Nakuru, Baringo, Kericho, Nyandarua na Laikipia wanaombwa wachague kazi tano ambazo wanafunzi wao hufanya kweli, kuanzia kuwasha mashine hadi kuchapisha ukurasa mmoja, wapime kila moja mara tano kwa saa ya simu, waandike tokeo la katikati, na wabandike karatasi hiyo ukutani. Kabla ya kutaja jina la mfumo endeshi, karatasi itaje aina ya diski, ukubwa wa RAM, na tarehe ambayo feni ilisafishwa mara ya mwisho.